Kilomita Zilizorudi Nyumbani

Njia ya mwongo ni ndefu. Wanaosema ni fupi hawajawahi kuitembea kwa miguu, kikombe cha chai mkononi, wakimpelekea mgonjwa.

Asubuhi ambayo njia hiyo ilianza kurefuka, fundi wa matairi aliegemeza matairi mawili kwenye ukuta wa gereji, la zamani na jipya, ili madereva wachague. Kuchagua kwenyewe kulikuwa kwa adabu tu, maana Meneja wa Magari alikwisha kuyanunua mapya. Tairi la zamani lilikuwa jembamba, ubavuni limeandikwa mia moja tisini na tano, ambao ndio upana wake. Jipya lilikuwa mia mbili thelathini na tano. Lilikuwa pana, refu zaidi, lenye meno makubwa kama vipande vya tofali, na bado lilinuka duka. Rimu zake zilichomoza nje ya bodi, hivi kwamba gari likivalishwa lilisimama kama mtu aliyeshika kiuno akimsubiri mdeni wake.

Kampuni yao ilikagua minara ya simu. Minara hukaa vilimani, na vilima havina lami, kwa hiyo madereva walipewa magari madogo yenye paa la turubai, yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Pale gerejini palikuwa na kipimo kimoja tu cha tairi. Dereva alikunja ngumi akaichomeka kati ya tairi na madigadi. Ngumi ikiingia, tairi limekubali. Hakuna aliyewahi kupima kitu kingine, na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini.

Dereva pekee mwanamke pale aliitwa Chuma, kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika. Alichomeka ngumi yake, ikaingia.

"Hiyo haihesabiki," alisema Kipara, dereva mwenzake. "Hiyo si ngumi, ni kitunguu."

"Lete pua yako uone kama ni kitunguu."

Walicheka. Na kusema kweli matairi yalipendeza. Gari lilinyanyuka, dereva akawa anawatazama watu utosini. Meneja alisema mlima unataka mguu mkubwa, na kila mtu akaona ni neno la busara. Fundi peke yake, akifuta mikono kwa tambara, aliuliza jambo.

"Na saa, Meneja? Nibadilishe kile kigia chake kiendane na tairi jipya?"

Saa ndilo jina walilokipa kile kidude cha namba kwenye dashibodi kinachohesabu kilomita.

"Saa iache kama ilivyo," alisema Meneja.

Fundi akaiacha.

Chuma aliishi na mama yake katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ghala la magunia. Ndiyo sababu ilikuwa na mlango wa mbele wa mabawa mawili na korido pana ya kupitisha mikokoteni, iliyonyooka moja kwa moja hadi chumba cha mwisho. Kuta zilipakwa kijani nusu ya chini na maziwa nusu ya juu. Chuma alilala chumba cha mbele, karibu na jiko. Mama alilala kile cha mwisho. Hakikuwa na dirisha, kilipata mwanga kupitia bati la plastiki lililopachikwa juu, lakini vumbi la barabarani halikufika huko, na mama alikuwa na pumu. Katika maisha yake mama aligombana na watu wengi, wengine wakasamehewa. Vumbi halikusamehewa.

Jioni ya kwanza ya matairi mapya, chai ilifika vuguvugu.

"Chai hii umeipika lini, mwanangu?"

"Sasa hivi, mama."

"Basi imepitia kwa watu kwanza."

Jioni iliyofuata ilifika baridi. Chuma aliweka kikombe juu ya stuli, akarudi jikoni, na alipofika alikuta maji aliyoyaacha yakichemka yamekauka na sufuria inanuka. Aligeuka akatazama alikotoka. Mlango wa mama ulikuwa kule mwisho, mdogo kama stempu, na mwanga uliopenya chini yake ulikuwa mwembamba kama uzi. Alitoka nje akaizunguka nyumba. Kwa nje ilikuwa ileile, ukuta wake wa nyuma umebanana na karakana ya seremala kama siku zote. Akarudi ndani, akala.

Kadiri alivyokwenda vilimani ndivyo korido ilivyozidi kurefuka. Ikafika wakati mama hakusikia akiitwa, wakaanza kuongea kwa simu, mmoja chumba cha mbele na mwingine cha nyuma. Simu ya mama ikaanza kupokea ujumbe wa kumkaribisha katika eneo jipya la mtandao. Mwanzoni alifurahi.

"Wamenikaribisha," alisema. "Wewe hujanikaribisha popote tangu mwaka juzi."

"Hamia huku mbele, mama. Nitalala mimi chini."

"Nilishakwambia wiki iliyopita, chumba changu ni changu."

"Hiyo wiki iliyopita. Na leo?"

Chuma alisikia kifua cha mama kikipiga filimbi ndogo, kama birika lililo mbali.

"Leo ni mbali, mwanangu," alisema mama. "Kifua hakifiki."

Hapo ndipo hofu ilipoingia moyoni mwa Chuma, ikavua viatu, ikakaa.

Kuanzia siku hiyo alibeba chakula cha mama kwenye begi la mgongoni, na tochi, na viatu vya mvua. Viatu vilihitajika kwa sababu, ukishapita mlango wa stoo ya mwenye nyumba, sakafu ya saruji ilianza kufunikwa na tope. Lilikuwa tope jekundu, zito. Taa za korido ziliendelea kuning'inia darini, moja baada ya nyingine, na kuta ziliendelea na rangi zao mbili, ila chini palikuwa na barabara. Chuma alimulika. Kwenye ukuta wa kushoto lilikaa jiwe kubwa lenye alama ya chokaa. Alilijua. Lilikuwa jiwe la kona ya mnara wa tatu. Mbele kidogo palikuwa na daraja la mbao lisilovuka mto wowote, limelala tu juu ya saruji, na ubao wake wa katikati haukuwapo, kama ambavyo haukuwapo kule lilikotoka. Na katika tope zima, kwenda na kwenda, kulikuwa na alama pana za meno kama vipande vya tofali.

Alimfikishia mama chakula, akarudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu hadi kulipokucha.

"Fundi," alisema asubuhi. "Korido yangu imekuwa barabara."

Fundi alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa. "Ya mnara wa ngapi?"

"Wa tatu. Na jana nimeona kipande cha wa saba."

"Basi ni kilomita zako."

Alisugua mpira, akapaka gundi, akapuliza. "Saa haioni barabara, dada. Saa inahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi kubwa likizunguka mara moja linameza njia ndefu kuliko dogo. Kwa hiyo wewe unakwenda sana, saa inaandika kidogo. Sasa zile zilizobaki..." Akatema mate kwenye valvu aone kama inavuja. "Kilomita si moshi. Haipotei. Inakwenda kwa mwenyewe."

"Kila moja?"

"Kila ambayo haikuandikwa. Kipara siku hizi analala sebuleni. Chumba chake kiko nyuma ya kilima. Mkewe, aliyebaki huko chumbani, humpigia simu asubuhi kumuuliza amevaa nini."

"Na Kipara anasemaje?"

"Anasema hakuna anayemvuta shuka."

Chuma hakucheka. Kampuni ilikuwa na kanuni moja nzuri, pengine nzuri kuliko zote. Saa ya gari ikifika alama ya kilomita zilizowekwa, gari linaingia gereji kubadilishwa pedi za breki, na dereva anakaa nyumbani siku nzima, analala. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliyolala siku nzima. Matairi ya zamani yalikuwa bado miguuni mwa gari.

"Juzi nilisinzia," alisema polepole. "Mteremko wa mnara wa saba. Niliamshwa na honi. Nikakata usukani, nikaingia mtaroni. Nilipotazama nyuma hapakuwa na gari."

"Bahati yako."

"Na breki zinazama hadi chini, fundi."

"Najua. Nimezisikia ukiingia. Lakini saa yako haijafika."

"Kile kigia cha kurekebisha saa unacho?"

Fundi alijipapasa mfuko wa ovaroli, na ndani yake kitu kidogo cha chuma kikalia. "Ninacho," alisema. "Na kazi ninayo pia. Ningependa kubaki navyo vyote viwili."

Chuma akaenda kwa Meneja. Ofisi ilikuwa nadhifu, kalamu zote zimetazama upande mmoja, na mezani palikuwa na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Chuma alishindwa kuondoa macho kwenye ule mvuke.

"Meneja, matairi haya yanaidanganya saa."

"Saa ya gari ndiyo saa ya kampuni," alisema Meneja. "Inachosema ndicho kilichotokea."

"Mama yangu yuko mbali."

"Pole sana." Alimsogezea kiti, kwa upole wa kweli. "Lakini korido ni ya nyumbani kwako. Siwezi kuiingilia. Mnara ukizimika unajua anapigiwa simu nani? Mimi. Gari likilala gereji mnara haukaguliwi. Dereva akilala nyumbani haukaguliwi. Nimepata tairi ambalo kwalo gari halilali wala dereva halali. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningelala."

Meneja alitabasamu. "Kumbe una utani," alisema, akanywa chai yake, akarudisha ulimi ndani kwa sababu ilikuwa ya moto.

Chuma alishuka ngazi ameshika ukuta. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu asiyejua. Hakujiandaa kukutana na anayejua.

Jumapili alijaribu kuingia koridoni na gari. Bodi ilipita kwenye mlango wa mabawa mawili bila taabu. Lakini yale matairi, kwa jinsi yalivyochomoza, yalizishika kuta zote mbili kabla hata hajafika usawa wa jiko, yakaanza kutafuna plasta. Akarudi nyuma. Akachukua kijiti akapima. Kwa matairi ya zamani gari lingepita, na kila upande ungebaki upenyo wa vidole viwili. Matairi ya zamani yalikuwa stoo ya gereji, na stoo ilikuwa na kufuli la Meneja.

Simu ya mama ilikuja mchana wa siku ya kazi. Chuma alikuwa gerejini, amelala chini ya gari anapaka grisi.

"Mwanangu," alisema mama. Kisha ikaja ile filimbi, na safari hii haikuwa ndogo. "Kile kichupa kimekwisha. Kinatoa upepo mtupu."

Kichupa kipya cha dawa ya kuvuta kilikuwa ndani ya begi la Chuma. Alikinunua asubuhi, akipanga kukipeleka jioni.

"Kaa wima, mama. Shika magoti. Nakuja."

"Usikimbie," alisema mama. "Barabara..." Hakumaliza.

Kwa miguu angefika giza likiwa limeshaingia. Mama hakuwa na pumzi za kufika gizani. Chuma alitoka chini ya gari, akachukua ile spana ndefu ya kufungulia nati za magurudumu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, akalipiga kufuli mpaka likaachia.

"Dada," alisema fundi. "Lile ni kufuli la Meneja."

"Leta jeki."

"Atauliza."

"Leta jeki, fundi, la sivyo nitaliegesha gari juu ya miguu yako."

Fundi akaleta jeki. Chuma alifungua kwa pupa hata nati zikawa zinamponyoka na kuviringika chini ya benchi. Kipara, aliyekuwa anakula chakula chake kivulini, aliweka sahani chini, akaja, akamtoa spana mkononi na kuanza kufungua yeye. Alifungua kama mtu aliyewahi kuifikiria kazi hiyo mara nyingi akiwa sebuleni kwake.

"Huko ndani kuna nini?" aliuliza fundi, bomba la upepo mkononi. "Mchanga au tope?"

"Tope. Chini yake saruji."

"Basi hata ungepewa duka zima uchague, ungechukua haya haya. Mchanga unataka tairi pana lielee. Tope lenye sakafu chini linataka jembamba, likate, lifike chini, lishike. Yale makubwa yangekuchezesha kama sabuni bafuni." Akalegeza upepo, akasikiliza, akafunga. "Nimeshusha kidogo. Nikishusha sana litatanua ubavu, na nafasi ya ubavuni ndiyo usiyo nayo. Kunja vioo."

Chuma alivikunja vioo vya pembeni kabla ya kuondoka, asije akasahau akifika.

Aliingia mlango wa nyumba yake kwa gia ya kwanza. Upenyo ulikuwa vidole viwili kila upande, sawasawa na kijiti kilivyosema. Mlio wa injini ulijaa koridoni, ukatangulia mbele, ukarudi. Chumba chake kikapita, jiko likapita, stoo ya mwenye nyumba ikapita. Kisha hapakuwa na milango tena. Akaingiza magurudumu yote manne na gia nzito, na tope likaanza.

Tairi lilizama. Moyo wake ukazama nalo. Halafu akasikia, kupitia kiti na uti wa mgongo, meno yakigusa saruji na kushika. Gari likatambaa. Jiwe la chokaa likapita karibu na sikio lake. Daraja la mbao likalia chini yake mara mbili. Taa za darini zilimpita juu ya paa la turubai, nyingine zimeungua, na pale zilipoungua palikuwa giza la mchana wa ndani ya nyumba, ambalo ni giza baya kwa sababu halina nyota.

Kisha korido ikainama. Aliujua mteremko ule wa mnara wa saba kabla hajauona. Alikanyaga breki, ikazama hadi chini, ikakaa huko. Alibaki na gia peke yake, injini ikilishika gari mkia, na gari likashuka kwa mwendo wake lenyewe.

Katikati ya mteremko aliona taa za gari jingine zikija.

Lilikuwa gari lake. Alilitambua kwa bampa iliyopinda. Lilivaa matairi mapana, na halikujali kuta, kwa sababu kule lilikokuwa hapakuwa na kuta. Nyuma ya usukani aliketi yeye mwenyewe, kidevu kifuani, mdomo wazi kidogo, amelala. Uso ulikuwa na vumbi. Alionekana mzee kuliko alivyojidhania, na hakuwa akiota chochote.

Chuma alipiga honi.

Aliyelala aliinua kichwa. Wakatazamana, na yule wa pili hakuona kitu, macho yake yalipita kama mtu anayetazama barabara tupu. Kisha akakata usukani, gari lake likainamia mtaroni, yaani ukutani, na ukuta ukalipokea. Ilibaki rangi ya kijani, mbichi, na alama za meno zilizopanda hadi usawa wa dirisha. Chuma alipita. Hakusimama, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kusimamishia gari. Alikuwa analia kwa sauti, na mlio wa injini ulimsitiri.

Chini korido ilinyooka. Mwendo ukapungua, ukapungua, na bampa ikabisha hodi mlangoni kwa mama. Hapakuwa na nafasi ya kufungua milango ya gari. Alifungua turubai, akapanda juu, akashukia boneti iliyokuwa ya moto, akasukuma mlango.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda masikioni. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Chuma alimshika kisogo, akamwekea kichupa mdomoni, akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena. Alishapita katika barabara nyingi mbaya, lakini hakuna aliyoiogopa kama ile, kutoka pumzi moja ya mama hadi nyingine.

Mabega yakashuka kidogo. Kisha yakashuka zaidi.

"Umeingiza gari ndani ya nyumba," alisema mama, alipoweza.

"Ndiyo, mama."

"Na viatu vya matope."

"Ndiyo, mama."

Mama alifikiria. "Nipe mtandio wangu," alisema. "Sitoki kichwa wazi."

Chuma alimpandisha juu ya boneti, akamshusha kwenye kiti kupitia paani. Gari halikuweza kugeuka, kwa hiyo walirudi kinyumenyume njia nzima, Chuma amepinda shingo, mama amegeuka kitini akimwongoza.

"Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu."

"Mama, sote tunatazama nyuma."

"Basi kushoto kwetu. Usibishane, endesha."

Kwenye mteremko, ambao sasa ulikuwa mpando, mama aliona zile alama za meno ukutani.

"Nani aligonga hapa?"

"Mimi."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

Mama alinyoosha mkono, akashika mkono wa shati la mwanawe, akaukunja ngumini, na hakuuachia hadi walipoona mwanga wa mlango wa mbele.

Tangu hapo mama akawa analala chumba cha mbele. Chumba cha mwisho waliita "kule", na mama akawa anatuma mtu kule kwa maneno tu, hakuna aliyekwenda: mto wangu mzuri uko kule, kanga yangu ya pili iko kule. Korido haikurudi kuwa fupi. Kilomita ikishakwenda imekwenda.

Asubuhi iliyofuata siku ya kuvunjwa kufuli, Meneja aliwakusanya madereva mbele ya gereji. Kufuli lililovunjika lilikuwa mkononi mwake, amelifuta grisi. Nyuma yake fundi alikuwa amepiga magoti, anakaza nati za magurudumu ya gari la Chuma. Matairi yalikuwa yale mapana. Kila fundi alipoinama, kile kigia kililia mfukoni mwake.

"Sina hasira," alisema Meneja, na kweli hakuwa nayo. "Mama mzima?"

"Mzima."

"Tumshukuru Mungu. Kufuli ni kufuli, tutanunua jingine. Lakini gari la kampuni linavaa kile kampuni ilichochagua. Leo mmoja ametoa matairi, kesho mwingine atatoa usukani. Nataka uombe radhi mbele ya wenzako, upande gari, uende mnara wa saba. Hutaki, niachie funguo."

Chuma alitazama dashibodi kupitia dirisha. Saa ilikuwa imeandika vilevile kidogo, na alama ya kulala ilikuwa bado mbali. Alifikiria kodi ya nyumba, na dawa ya kuvuta, ambayo haiuzwi kwa maneno. Alifikiria mteremko.

"Sema tu, dada," alinong'ona Kipara pembeni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. "Neno halichubui mdomo. Mimi nilisema la kwangu zamani."

"Na mkeo umemuona lini?"

Kipara alirudi nyuma hatua moja.

Fundi alikaza nati ya mwisho, akasimama, akachomeka ngumi kati ya tairi na madigadi. Iliingia. Akatikisa kichwa kukubali, kama kanuni ilivyotaka.

"Nasubiri," alisema Meneja.

Chuma aliweka funguo juu ya boneti. Zililia.

"Utasubiri sana," alisema. "Kufuli nimevunja mimi, na ningelivunja tena. Siombi radhi."